Bustani ya Jikoni Hupimwa Mwezi wa Oktoba: Kalenda ya Mwezi kwa Mwezi



Katika toleo hili tunapenda kujibu swali ambalo kamati nyingi za maendeleo zimekuwa zikituuliza. Kwa nini bustani za mboga ambazo hupendeza sana mwezi wa Mei huwa zimekauka ifikapo Oktoba? Jibu letu ni fupi: bustani hizo zilipangwa kwa ajili ya Mei. Mbegu zilikuja na mvua, na mvua ilipoondoka bustani nayo ikaondoka. Ili familia ipate mboga mwaka mzima, inabidi kupanga kuanzia mwezi mgumu na kurudi nyuma, na kazi ya mwezi huo mgumu huanza miezi minne kabla.

Makosa yetu ya mwanzo

Hatusemi haya kama watu ambao hawakuwahi kukosea. Mwaka wetu wa kwanza wa mradi wa bustani tulinunua mbegu zote kwa mkupuo mmoja, tukazigawa mwezi wa Aprili wakati masika yamekolea. Mwezi wa Mei tulipita na kamera. Kila nyumba ilikuwa na mchicha, sukuma wiki na majani ya maboga, na picha zile zilipamba taarifa yetu ya mwaka.

Mwezi wa Oktoba tulirudi tukiwa na wageni. Mama mmoja mjane, anayelea wajukuu wake, alitupokea kwa heshima zote na kutukaribisha ugali kwa dagaa. Baada ya chakula alitupeleka nyuma ya nyumba na kutuonyesha matuta yetu. Yalikuwa makavu kama barabara, na kuku walikuwa wakioga vumbi juu yake. Alitueleza kwa upole kwamba mwezi wa Mei mboga huota hata pembezoni mwa njia. Alichokuwa anahitaji ni mboga ya siku ile tuliyosimama pale. Hatukuwa na la kumjibu. Tangu siku hiyo tuliacha kuhesabu matuta ya Mei, tukaanza kuuliza kila nyumba inakula nini Oktoba.

Tunazungumzia maeneo gani

Kalenda hii inafaa miteremko ya chini na ya kati ya Kilimanjaro na Meru, takriban mita 800 hadi 1,500 kutoka usawa wa bahari, pamoja na maeneo mengine yenye misimu miwili ya mvua. Masika hunyesha Machi hadi Mei, na vuli hunyesha Novemba na Desemba. Juni hadi Agosti ni kipindi cha baridi na mawingu, Septemba na Oktoba ni kavu na vumbi, Januari na Februari ni joto kali. Hatuna baridi ya kugandisha mimea. Kwa hiyo ardhi yetu inaweza kutoa mboga miezi yote 12. Kinachotukwamisha ni maji na maandalizi.

Wasomaji wetu wa Songea, Mbeya, Iringa na Dodoma wana msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba hadi Aprili. Nao wanaweza kuitumia kalenda hii kwa kusogeza miezi. Utaratibu ni uleule: tafuta mwezi wenu mgumu, kisha hesabu kurudi nyuma.

Aidha, tusidhani kwamba tunaleta jambo geni. Wazee wa Uchaggani walijenga kihamba, ambamo migomba, kahawa, magimbi, mboga na miti ya kivuli hukaa pamoja, na maji huletwa kwa mifongo kutoka mlimani. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliutambua mfumo huo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Kihamba hakimwachi mwenyewe bila kitu cha kuchuma. Tatizo ni kwamba familia nyingi leo zinaishi tambarare, kwenye viwanja vidogo, mbali na mfongo. Hao ndio tunaowalenga.

Kanuni tatu kabla ya kalenda

Kwanza, hesabu ndoo kabla ya kuhesabu matuta. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 huhitaji takriban ndoo moja ya lita 20 kila siku wakati wa kiangazi. Familia ikiweza kutenga ndoo mbili kwa siku, pamoja na maji yaliyooshea mboga na vyombo, basi matuta yake ya kiangazi ni mawili. Wakati wa mvua wanaweza kuwa na sita au nane, lakini Agosti wapunguze. Matuta mawili yanayoishi ni bora kuliko kumi yanayokufa.

Pili, panda kidogo kidogo. Anayesia pakiti nzima ya mchicha siku moja atakula mchicha wiki mbili, kisha utakomaa na kutoa maua. Anayesia robo ya pakiti kila baada ya wiki mbili au tatu atakula miezi miwili.

Tatu, changanya mboga za aina tatu. Za muda mfupi, kama mchicha na majani ya kunde, ambazo huliwa baada ya wiki tatu hadi nne. Za kuchuma muda mrefu, kama sukuma wiki, spinachi na nyanya chungu, ambazo hutoa kwa miezi kadhaa. Na za kuvumilia ukame, kama matembele, kisamvu na mgagani. Nyumba yenye aina zote tatu haitalala njaa ya mboga.

Sasa twende mwezi kwa mwezi. Tunaanzia Juni badala ya Januari, kwa sababu Juni ndipo bustani nyingi hutelekezwa, na ndipo mboga ya Oktoba hupatikana au hupotea.

JUNI

Mvua imekwisha, udongo bado una unyevu, na watu wanaona kazi imekwisha. Hapana. Mwezi huu miche ya sukuma wiki na spinachi iliyosiwa kitaluni mwishoni mwa Mei ihamishiwe kwenye matuta yaliyo karibu na jiko, kwa kuwa hayo ndiyo yatakayopata maji ya vyombo. Sukuma wiki ipandwe kwa nafasi ya sentimita 45 hadi 60. Kila shimo liwekwe viganja viwili vya samadi iliyooza vizuri; samadi mbichi huunguza mizizi na kuleta magugu. Nyanya na nyanya chungu zisiwe kitaluni. Karoti zisiwe moja kwa moja tutani, kwani hazipendi kuhamishwa. Miche ya vitunguu iliyosiwa Aprili ipandikizwe sasa, ili ikomae wakati wa ukavu. Kitunguu kikikomaa kwenye mvua huoza.

Kazi kubwa ya Juni ni matandazo. Tandaza nyasi kavu au majani makavu ya migomba kuzunguka miche, unene wa kiganja kimoja, bila kugusa shina. Unyevu wa masika ulio ardhini ni akiba, na akiba haiozi ikifunikwa.

JULAI

Baridi hupunguza kasi ya mimea, hivyo msikate tamaa miche ikidumaa kidogo. Hamisha miche ya nyanya na nyanya chungu jioni, umwagilie mara baada ya kupanda. Nyanya zifungwe kwenye miti, na majani ya chini yanayogusa udongo yakatwe. Mawingu na ukungu wa asubuhi huleta ugonjwa wa bakajani, kwa hiyo mwagilia chini kwenye udongo, usinyunyizie majani. Mkague pia kantangaze, mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014, ambaye kiwavi wake huchimba ndani ya jani na tunda la nyanya. Majani na matunda yaliyoshambuliwa yachumwe na kufukiwa kwa kina, yasitupwe kwenye mboji.

Mabua ya mahindi yakianza kupatikana, yasichomwe moto. Yapangwe kwenye shimo la mboji kwa tabaka: mabua, majani mabichi, samadi, majivu kidogo, udongo, kisha kurudia. Mboji hiyo itakuwa tayari kwa vuli.

AGOSTI

Huu ni mwezi wa kupunguza. Chagueni matuta yatakayomwagiliwa na muyaache mengine yapumzike chini ya matandazo. Pandeni vipande vya matembele mahali maji ya bafuni au ya jikoni yanapomwagika. Wiki tano au sita baadaye mtachuma. Maji yenye sabuni kidogo yamwagwe kwenye udongo tu, na maji yenye sabuni nyingi au dawa ya kung'arisha nguo yasipelekwe bustanini kabisa.

Vidukari huanza kujaa chini ya majani ya sukuma wiki. Yasugueni kwa maji ya sabuni ya mche, na majani yaliyojikunja yaondolewe. Dawa ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha husaidia pia, iwapo itapuliziwa jioni na kurudiwa kila wiki.

SEPTEMBA

Tuta la masika huinuliwa ili maji yatoke. Tuta la kiangazi lishushwe chini kidogo ya usawa wa ardhi, kama sinia, ili maji yabaki. Matuta mengi hukauka kwa sababu yalibaki na umbo la Aprili. Siani mchicha kidogo kwenye kona ya tuta lililoshushwa. Mwagilieni asubuhi na mapema au jioni jua likishapoa.

Vitunguu vikianza kulaza majani, acheni kumwagilia, ving'oeni na kuvianika kivulini penye hewa hadi shingo ikauke. Nyanya za Julai nazo zitakuwa zimeanza kuiva. Katika joto na vumbi angalieni utitiri mwekundu, ambao huacha utando mwembamba chini ya majani. Majani yaliyozidiwa yaondolewe mapema.

OKTOBA

Huu ndio mwezi wa mtihani. Kama kazi ya Juni ilifanyika, sasa familia inachuma majani ya chini ya sukuma wiki, matembele, nyanya chungu, kisamvu na mapapai. Chumeni majani ya nje na kuacha kichwa kiendelee. Nyumba isiyo na tuta inaweza kuwa na gunia moja mlangoni: weka udongo uliochanganywa na samadi, jaza mawe katikati kutoka chini hadi juu kama bomba la kupitishia maji, panda juu na ubavuni. Kwa wazee na wagonjwa, gunia hili ni rahisi kuliko tuta.

Mwisho wa Oktoba itoeni mboji shimoni na kuisambaza. Mbegu za vuli ziwe zimeshafika nyumbani kabla ya wingu la kwanza.

NOVEMBA

Vuli huweza kuchelewa au kukatika. Kwa hiyo gawanyeni mbegu mafungu matatu: fungu moja mvua za kwanza zikishalowesha udongo, la pili wiki mbili baadaye, la tatu baadaye tena. Siani kunde, maharage, maboga, mchicha, mnavu na mgagani. Hizi mboga za asili tulizoziita mboga za maskini zina thamani kubwa ya lishe, na kituo cha World Vegetable Center kilichoko Arusha kimekuwa kikizifanyia kazi tangu miaka ya 1990. Kunde na maharage huongeza rutuba pia, hivyo zizungusheni kwenye matuta yaliyokuwa na sukuma wiki au nyanya.

DESEMBA

Majani ya kunde na mchicha ni tele, na sikukuu huleta wageni. Palilieni magugu yangali madogo. Pandeni miche ya papai, angalau mitatu kwa nyumba, kwa sababu mingine itakuwa midume isiyozaa. Siani bamia na biringanya, ambazo zitalipokea joto la Januari bila taabu. Jioni zikaguliwe sota, wadudu wanaokata mche usiku. Fukueni udongo kuzunguka mche uliokatwa mtamkuta amejikunja hapohapo.

JANUARI

Sare, madaftari na michango ya shule humaliza fedha ya nyumba, na mboga ya kununua ndiyo hupunguzwa kwanza. Hapo bustani hulipa. Bamia, biringanya, nyanya chungu na matembele huvumilia joto. Sukuma wiki ya zamani ikiwa imerefuka, chukueni machipukizi ya ubavuni myapande kivulini. Hakuna haja ya mbegu mpya. Rudisheni matandazo yaliyooza.

FEBRUARI

Mtihani wa pili. Joto ni kali, na kitalu chochote kiwekewe kichanja cha nyasi juu. Wakati huohuo andaeni matuta ya masika: yainueni sentimita 20 hivi na kuchimba mifereji kati yake. Mbegu za masika zinunuliwe mwezi huu, kutoka duka linaloaminika, zikiwa na lebo ya Taasisi ya Udhibiti wa Ubora wa Mbegu (TOSCI). Angalieni tarehe ya mwisho ya matumizi, kwani mbegu iliyopitwa na wakati huiba mvua ya mtu.

MACHI

Mwezi huu kina mama wako shambani kupanda mahindi tangu alfajiri, hivyo bustani isiwaongezee mzigo. Siani mboga zisizohitaji kitalu: mchicha, kunde na maboga. Pandeni mbegu za viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa; majani yatakuwa matembele na viazi vitaliwa baada ya miezi minne au mitano. Wanaume na vijana wa jumuiya wachimbe mashimo na kubeba samadi, maana bustani ya nyumba si ya mama peke yake.

APRILI

Mvua ni nyingi na kila kitu kinaota. Kazi ni kuzibua mifereji, kuokota konokono na kuweka matandazo ili udongo usirukie majani. Tunashauri msipande nyanya za wazi mwezi huu. Bakajani huweza kumaliza tuta zima kwa siku chache, na fedha ya dawa huzidi ya mavuno. Siani kitalu cha vitunguu chini ya kichanja. Bei ya mboga sokoni ni ya chini, hivyo msitegemee kuuza.

MEI

Neema ya Mei ina kazi mbili. Ya kwanza ni kukausha: majani ya kunde na mgagani yachambuliwe, yachemshwe kidogo, kisha yakaushwe mahali penye hewa na kivuli na kuhifadhiwe kwenye chombo kilichofungwa. Ya pili ni mbegu: chagueni mche bora wa mchicha, mnavu, kunde au nyanya chungu, muufunge kitambaa usichumwe, ukomae. Mbegu chotara hazifai kuhifadhiwa, kwani uzao wake hautafanana na mama yake.

Wiki ya mwisho ya Mei, siani kitalu cha sukuma wiki na spinachi. Mche huo mdogo ndio mboga ya Oktoba.

Mboga ikifika jikoni

Mboga iliyolimwa kwa shida isiharibiwe jikoni. Ioshwe kabla ya kukatwa, ipikwe kwa muda mfupi, na maji yake yasimwagwe. Majani ya kijani kibichi kilichokolea, viazi lishe na mapapai vina vitamini A, na mwili huipokea vizuri zaidi chakula kikiwa na mafuta kidogo, au karanga zilizotwangwa. Ndimu au nyanya kwenye mboga husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Kwa mtoto mdogo, mboga ikatwe ndogo sana na kuchanganywa kwenye chakula chake, asiachiwe mchuzi peke yake.

Kwa kamati za parokia

Tunaziomba kamati zifanye mambo manne. Kwanza, kalenda hii isomwe kwenye jumuiya kila mwanzo wa mwezi, kipande cha mwezi huo tu. Dakika tano zinatosha. Pili, teueni katika kila jumuiya mtu mmoja mwenye bustani hai awe mwalimu wa majirani, akisaidiana na afisa ugani wa kata. Tatu, ziara zenu za ukaguzi ziwe Oktoba na Februari. Ulizeni swali moja: wiki iliyopita, siku ngapi nyumba hii ilikula mboga ya majani, na ilitoka wapi? Jibu hilo liandikwe kwenye daftari la kamati. Nne, nyumba isiyo na maji kabisa isilazimishwe kuwa na matuta ili kujaza idadi. Wapeni gunia, mipapai na matembele, na tatizo la maji lipelekwe kwenye serikali ya kijiji kama tatizo la maji.

Kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa moyo wenu. Pia tunawaomba jambo ambalo halitaongeza gharama: wakati. Fedha ya mbegu ikija Aprili yote kwa pamoja, itazaa picha nzuri na Oktoba tupu. Ikigawanywa mara tatu, yaani Februari kwa masika, Mei kwa kiangazi, na mwanzoni mwa Oktoba kwa vuli, fedha ileile italisha mwaka mzima.

Mkitaka kuongeza, ongezeni chombo cha maji kabla ya mbegu. Hesabu yake ni rahisi. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Paa la bati la mita za mraba 40 likinyeshewa milimita 10 hupokea lita 400, kabla ya kutoa kinachomwagika. Simtanki la lita 1,000 likijaa ni ndoo 50, yaani siku 25 za kumwagilia matuta mawili. Hilo ni karibu Oktoba nzima. Pipa la lita 200 ni siku tano tu. Linafaa kuvusha mche, halifai kuvusha mwezi.

Tusiahidi zaidi ya uwezo wa bustani. Matuta mawili hayajazi ghala, hayalipi madeni, na hayaponyi mtoto mwenye utapiamlo mkali, ambaye mahali pake ni kituo cha afya bila kuchelewa. Bustani huweka kitu cha kijani kwenye sahani, siku nyingi zaidi za mwaka, bila kutegemea fedha ya siku hiyo. Kwa nyumba yenye watoto, hilo si jambo dogo.

Yule mama mjane leo ana matuta mawili ya kiangazi nyuma ya jiko na matembele penye maji ya bafuni. Tulipompitia Oktoba iliyofuata hatukuwa na kamera. Ugali ulikuwa na dagaa kama mwanzo, ila safari hii pembeni kulikuwa na bakuli la sukuma wiki, na wajukuu walikuwa wameshalifikia kabla yetu.

Kamati ambazo hazijaanza zisisubiri masika. Mwezi wowote mtakaposoma ukurasa huu, kazi yake ipo hapo juu. Anzeni nayo, kwa tuta moja na ndoo moja.